Kikao Kimeshuka Ngazi

Nyumba Na. 14,
Nyuma ya duka la vioo.
Alhamisi, 9 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na kifua chako je, bado kinakusumbua baridi ikizidi? Chiriku, kitinda mimba wako, bado anaongea hadi usingizini? Mimi ni mzima, ila goti la kulia limegoma. Daktari amenikataza kupanda ngazi, na kwa mara ya kwanza maishani nimemtii mtu.

Barua yako niliipata. Unanishauri nikubali heshima niliyopewa na klabu yetu ya kujitolea, nikae nyumbani nipumzike. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika.

Hebu nikueleze hiyo heshima ilivyo. Ukumbi wetu uko ghorofani, juu ya karakana ya seremala, ngazi ishirini na sita. Niliposhindwa kupanda wiki tatu mfululizo, mwenyekiti wetu, yule daktari wa meno, aliniletea cheti chenye fremu ya dhahabu: eti sasa mimi ni mwanachama wa heshima. Mwanachama wa heshima hapigi kura, hashiki cheo, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Mdogo wangu, hicho ni kilemba cha ukoka. Miaka kumi na tisa ya ukatibu, leo nitundikwe ukutani kama picha ya marehemu? Sikubali.

Lakini walisahau jambo moja: daftari la mahudhurio liko kwangu. Katiba yetu inasema kikao si kikao mpaka nusu ya wanachama wawe wametia sahihi humo. Basi jana Jumatano nilijifunga kibwebwe, nikajikokota na mkongojo wangu, nikamwomba seremala kiti, nikakaa katikati ya mbao zake, daftari mapajani. Mwenyekiti alisimama kwenye ngazi ya tatu akaniita, "Mama Katibu, tupatie basi hilo daftari tulipandishe." Nikamjibu, "Daktari, hata daftari lina goti bovu." Alicheka mpaka akashuka. Wengine nao wakashuka mmoja mmoja, wakakalia mbao na milango mipya. Suruali ya mpiga picha imeganda vanishi hadi leo.

Tulifanya kazi. Mwezi ujao kuna upimaji wa macho kwa wastaafu, na msimamizi ni mimi. Mpiga picha ametangaza uchumba, baada ya miaka mingi ya kupiga picha harusi za wenzake. Mwenyekiti amepata mapacha, na ukiyaona macho yake utajua wanalia kwa zamu. Kisha tukafika kwenye ugawaji wa magongo na viti vya magurudumu, ile kazi yetu ya kila mwaka.

Tukiwa hapo, akaingia mchonga funguo wa ng'ambo ya barabara, akitembelea magongo tuliyompa sisi wenyewe miaka minane iliyopita. Alidhani seremala amefiwa, watu walivyojaa. Nikamwambia ni kikao cha klabu. Akauliza kama na yeye anaweza kujiunga. Nami, kwa kutofikiri, nikamuuliza mbona miaka yote hakuwahi kuja. Akaangalia ngazi tu.

Mdogo wangu, niliona aibu nisiyoweza kuiandika. Miaka yote hiyo tunagawa magongo, na hakuna hata mmoja kati ya tuliowapa aliyeweza kupanda kuja kukaa nasi. Na ukumbi ule niliuchagua mimi, kwa sababu ya upepo wake mzuri. Nyani haoni kundule. Nilikwenda pale kugombania kiti changu, kumbe wapo waliokosa kiti kabla yangu.

Nikaomba kura papo hapo, tusirudi juu tena, tukutane hapo hapo chini kwa seremala. Mwenyekiti akanikumbusha kwa upole kuwa mwanachama wa heshima hatoi hoja. Basi akaitoa yeye mwenyewe. Mikono yote ikanyanyuka, hata wa seremala, ambaye si mwanachama. Kisha, kwa ombi langu, wakanivua heshima. Mchonga funguo akatia sahihi, taratibu, sote tukimsubiri.

Kwa hiyo usiniambie tena habari za kupumzika. Leo nimeshinda na madaftari ya zamani, nikiandika kila mtu tuliyewahi kumpa magongo au kiti. Wako mia moja na kumi na wawili. Nitamfikia kila mmoja, goti lipende lisipende. Nitamwomba radhi kwanza, kisha nimwambie kikao ni Jumatano, saa kumi jioni, na hakuna ngazi.

Nisalimie sana wifi yangu na vijana wote, na Chiriku umwambie shangazi yake anamsubiri kwa simu, akiwa na muda wa kusikiliza. Mola akulinde na hiyo baridi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Bado Katibu