Jina kwa Penseli

Mogogosiek,
12 Juni 1974

Baba mpendwa,

Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa, na kuchuma majani chai kumemshinda Mama.

Hii ni barua yangu ya tatu. Umekaa Kipkelion tangu daktari aseme kwamba mtoto uliyempa jina la Babu, Nyakundi, ni msichana. Nilimwuliza daktari sababu. Alisema tezi zilizo juu ya figo za mtoto zilitengeneza homoni ya kiume kupita kiasi akiwa bado tumboni, ndiyo maana mkunga alikosea akadhani ni mvulana. Si laana, Baba, wala si kosa la Mama. Tunampa dawa na chumvi kila siku, na sasa ananenepa.

Lakini majirani wakiuliza, "Nyakundi ameamkaje?" Mama huingia ndani. Nyanya amekataa kumpa jina lingine. "Mwenye mtoto yuko hai," anasema. "Mwambie aache kujificha kama kuku mgonjwa!"

Kwenye kadi ya kliniki nimefuta Nyakundi, nikaandika Bochaberi, jina la marehemu dada yako. Nimeandika kwa penseli. Njoo uliandike kwa wino.

Ni mimi binti yako,
Mellen