Laiti Nisingelipata Gita la Tetemeko

Jumapili, Kahama. Tangu asubuhi mawingu yamejaa upande wa Isaka, joto limekaa kifuani, na mvua yenyewe hainyeshi. Mke wangu na watoto wamekwenda kanisani. Mimi nimesema kichwa kinauma. Kichwa hakiumi.

Naandika huku kwa sababu huku hakuna anayenijua. Ule ukurasa wangu mwingine, wa magita, una jina langu, picha yangu na watu wanaonipigia simu. Haya siwezi kuyaweka kule. Hata hapa majina nimeyabadilisha.

Kazi yangu ni kukodisha muziki kwenye harusi na mikutano, spika na jenereta. Ugonjwa wangu ni magita ya besi ya zamani, yale ya bendi za dansi zilizokuwa zikizunguka huku kwetu kufuata hela ya dhahabu na almasi. Nikisikia kuna besi kuukuu mahali, situlii mpaka niende. Na kila niendako naambiwa maneno yale yale, kwamba hili lilikuwa la Tetemeko.

Tetemeko alikuwa mpiga besi. Watu wa umri wa baba yangu wakimtaja, mabega yanaanza kucheza yenyewe. Bendi yake ilivunjikia Geita. Mwenye bendi alitoroka bila kumlipa mtu, vyombo vikatawanyika. Tangu hapo kila besi iliyobaki kati ya Songwa na Ushirombo ni ya kwake. Kagongwa niliuziwa moja iliyokuwa imetundikwa ukutani baa. Songwa, jamaa mmoja wa machimbo ya almasi aliniletea nyingine yenye jina la Tetemeko ubavuni, rangi bado inanuka. Nilicheka, na bado nikainunua.

Niliweza kucheka kwa sababu Tetemeko mwenyewe nilikuwa naye.

Yupo hapa hapa Kahama, mzee mpole, anaishi kwa binti yake, Mama Zawadi, mtaa wa pili kutoka kwangu. Kila besi ninayonunua nampelekea. Namwamkia, naiweka mbele ya kiti chake, anaitazama bila kuigusa, kisha anasema, "Siyo." Neno lake kwangu lilikuwa mwisho wa maneno. Ni mimi niliyemwandika kwenye ukurasa wangu mpaka watu wakamkumbuka. Jumamosi ijayo wanamuziki wa zamani kutoka Mwanza wanakuja kumpa heshima yake mbele ya watu, na Mama Zawadi ameshashona kitenge cha siku hiyo.

Sijawahi kumwomba apige. Unamwambiaje mzee wa watu akupigie ili umwamini? Huko ni kumvua nguo hadharani. Na kwamba hakuwa na gita nyumbani hakukunishtua, kwa sababu wapigaji wa dansi wengi hawakuwa na magita yao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpigaji alihama bendi na begi la nguo tu.

Alhamisi nilikwenda Ushirombo. Mjane mmoja, Mama Kulwa, alinitumia salamu kupitia kwa fundi redio kwamba ana besi ya marehemu mumewe. Nilimpa shikamoo, akanikaribisha na karanga za kuchemsha, kisha akalitoa gita uvunguni mwa kitanda likiwa limefungwa kwenye shuka.

"Hili ni la Baba Kulwa," alisema. "Huko kwenye muziki walimwita Tetemeko. Bendi ilipokufa hakulipwa hata senti, akaondoka na alichoshika mkononi. Amelala hapo nyuma ya nyumba."

Nilishazoea hadithi hizo. Nikamjibu kwa upole, tena nikijiona mtu mwema kweli kweli, "Mama, Tetemeko yu hai. Namfahamu. Yupo Kahama pale."

Alinitazama bila kubisha. Alisema tu, "Basi ukamwonyeshe huyo mwenyewe, halafu unipigie." Nikamlipa nikaondoka.

Nilipolifungua nyumbani, nililigeuza mara mbili kabla sijaamini. Tetemeko alikuwa shoto. Kila aliyewahi kucheza muziki wake atakuambia hivyo, maana lilikuwa jambo la watu kusogea jukwaani kulitazama. Gita hili nyuzi zake zimefungwa kinyume, skrubu ya kushikia mkanda imehamishiwa pembe ya pili, na rangi imelika upande ambao mkono wa mtu wa kulia haufiki. Matapeli wa huku wanajua kuandika jina kwa rangi. Kuchakaza gita miaka mingi kwa mkono wa kushoto hawawezi. Nilifurahi kama mtoto. Mjane nilimwona kachanganya mambo tu, pengine mumewe alilinunua kwa Tetemeko, na miaka ikafanya kazi yake.

Jana mchana nikalipeleka kwa mzee.

Alikuwa barazani. Nilipofungua shuka, lile neno lake halikuja. Alinyanyuka bila fimbo, akaligusa shingoni, kisha akapeleka kidole nyuma, penye alama ya kuungua na sigara ambayo mimi hata sikuwa nimeiona. "Ndilo," alisema. Machozi yakamtoka. Halafu akachukua mkanda akauvaa begani.

Aliuvaa kama mpigaji wa mkono wa kulia.

Shingo ya gita ilikwenda kwenye mkono wake wa kushoto, kama kwa mtu yeyote wa kawaida, nyuzi nene zikawa chini. Akagusa uzi mmoja, akagusa mwingine. Vidole havikujua pa kwenda. Si uzee ule. Nimeshawaona wapigaji wazee ambao hata kikombe hawawezi kukishika vizuri, lakini ukiwapa gita mikono inakumbuka njia.

Miaka yote hii sikuona, na ningeonaje? Kwetu hata shoto anafundishwa kula kwa mkono wa kulia na kusalimia kwa mkono wa kulia. Nimekula naye ugali sinia moja sijui mara ngapi.

Alinitazama usoni, akaona. Mama Zawadi alikuwa uani anakaanga dagaa huku anaimba wimbo wa kwaya. Mzee akakaa polepole, gita mapajani.

"Umeona, Baba Neema."

"Nimeona, mzee."

"Nilikuwa mbeba vyombo," alisema kwa sauti ya chini. "Hili nimelibeba mgongoni toka Geita mpaka Tabora. Nilikuwa namfungia nyuzi, namfutia jasho lake. Niliporudi huku, mtu akanisikia pale stendi nasimulia mambo ya bendi, akaniita Tetemeko, akaninunulia chai. Nikasema moyoni, nikimaliza chai nitamwambia." Akaupapasa mkanda. "Mama yake huyu alinikubali kwa jina hilo. Na huyu nimemlea kwa jina hilo. Ningojee nife, baba, ndipo useme."

Mama Zawadi akatokea na kijiko mkononi, akamwona baba yake amelikumbatia gita na uso umelowa, akapiga kigelegele. Majirani wakaja. Mmoja alileta soda. Nikapigwa picha nimesimama naye, mkono wangu begani kwake, na nilitabasamu kwenye zote.

Gita nililiacha pale. Ningelichukua vipi?

Tangu jana najaribu kumkasirikia na sifiki mbali. Kila aliposema "Siyo" alikuwa anasema kweli, kwa sababu alilijua gita lile kuliko mtu yeyote aliye hai. Alinitazama nikinunua takataka za watu, akanizuia nisiziamini. Lakini pia alikaa kwenye kiti cha mtu aliyekufa, akapokea shikamoo zake, na Jumamosi ijayo alikuwa tayari kupokea na heshima zake. Nikitangaza kwamba gita ni la kweli, wale wa Mwanza watataka kumwona nalo, na atakapolivaa watu wazima watainamisha macho mbele ya Mama Zawadi. Nikitangaza kwamba ni la uongo, yule aliyelala Ushirombo atabaki mume wa Mama Kulwa basi, kama vile hakuwahi kupanda jukwaani. Nimezunguka na hili usiku kucha na asubuhi yote. Naona aibu, na sehemu kubwa ya aibu hiyo ni yangu mwenyewe.

Saa moja iliyopita Mama Kulwa alinipigia.

"Mwangaluka, baba. Umeamkaje huko? Haya, mwenyewe amesemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nyumba tupu, hakuna wa kunisikia. Nikasema, "Amesema siyo lake, mama."

Nilingoja anitukane, maana nilistahili. Akasema, "Haya. Basi kama siyo la mtu mkubwa, nirudishie. Hela yako nimeshanunulia mabati, lakini kuna mbuzi hapa, nitauza nikulipe. Wewe ulikuwa unataka la Tetemeko. Mimi kwangu linatosha kuwa la Baba Kulwa." Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba," akakata simu.

Sikumbuki mara ya mwisho nililia lini. Leo nimelia, nimekaa sakafuni katikati ya spika.

Kwa hiyo kesho nafanya hivi, na naandika hapa ili nisijigeuke. Hakuna mbuzi wa kuuzwa. Wa Mwanza nitawapigia niwaambie wasije, na lawama zote ziwe zangu. Kisha nitakwenda kwa mzee kabla Mama Zawadi hajarudi kutoka sokoni, nimwombe twende wote Ushirombo. Nataka alibebe yeye, aliingize mwenyewe ndani ya nyumba ile, na amwambie Mama Kulwa lile ambalo mimi nimeshindwa kulisema kwenye simu. Hilo ni deni lake kwa yule mama, na simwoni mwingine wa kulilipa. Mengine ya binti yake ataamua yeye, mimi sitamsemea.

Akikataa nitakwenda peke yangu na kusema mwenyewe. Kabla hata sijakaa, nitamwomba Mama Kulwa anipeleke nyuma ya nyumba. Alhamisi alikuwa ameshanyanyuka, ameshika khanga yake, anataka kunionyesha kaburi. Nikamwambia nina haraka.