Gauni la Buluu Nililolifumua

Barangay Dolores,
Taytay, Rizal.
9 Oktoba 1996

Mpendwa mwanangu Marivic,

Salamu zangu zikufikie huko Hong Kong zikukute mzima, na si mzima wa mdomoni tu, mzima wa mwili. Hujambo mwanangu? Usingizi unaupata? Kile kifua hakikusumbui baridi ikianza? Sisi huku hatujambo. Mgongo wa baba yako umetulia tangu mvua zipungue, na mimi tundu la sindano bado naliona nikisogea mlangoni. Uvumilie mwandiko wangu, unajua niliishia darasa la nne. Barua hii nimeianza mara tatu, mbili nimezichana.

Boksi lako lilifika mwezi uliopita, halikulowa wala halikuguswa. Kahawa, nyama za kopo, sabuni, taulo, vyote nimeviona. Baba yako zile kandambili anakwenda nazo mpaka kanisani, nimemkataza hasikii. Na zile nguo kuukuu ulizojazia pembeni ili vitu visivunjike ndizo zilizonifurahisha zaidi, maana unamjua mama yako, kwangu hakitupwi kitu.

Kazi ipo. Kila Jumatatu naenda kwenye karakana za mashati kuchukua mabaki, halafu Bi Seding anavuka kutoka kwake na kiti chake tunashona. Bado ni vile vitambaa vya kuepulia sufuria, vya viraka vya pembe sita vilivyopangwa kama ua, na aproni. Duka la Antipolo limeagiza vingi vya Krismasi. Lakini wiki mbili hizi mkono wangu umeharibika. Wiki iliyopita nilimaliza dazeni nzima nimeshonea kitanzi kwa ndani. Bi Seding akaniuliza kama hivyo vitaning'inia msumarini kwa imani. Tukacheka. Nilikuwa sijamwambia bado.

Sasa wacha niseme, maana nazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Katika nguo zile lilikuwemo gauni la buluu, lile nililokushonea mwenyewe ulipokuwa unaondoka. Unajua mimi nguo kuukuu siikati kabla sijaifumua. Kitambaa kilichojificha ndani ya mshono hakijapauka, rangi yake ni ya dukani, na hicho ndicho naweka katikati ya ua. Basi nikakaa na wembe wangu nikaanza kufumua ubavu wa kushoto.

Nikakuta mishono mitatu, mwanangu. Wa nje ni wangu, wa cherehani, naujua kama sura yangu. Ndani yake kuna mwingine wa mkono, mshono wa kurudi nyuma wenye fundo mara mbili, nilivyokufundisha. Na ndani ya huo mwingine tena, wa mkono vilevile, ila huu umekwenda kwa haraka. Kitambaa cha katikati yao kimepauka kidogo, cha nje zaidi hakijapauka kabisa. Ina maana hukulipunguza kwa mara moja. Ulipunguza, ukavaa, ukafua, ukapunguza tena.

Niliweka vidole vyangu kati ya mshono wangu na ule wa ndani kabisa. Vidole viwili. Nikafumua na ubavu wa kulia, viwili. Mbele na nyuma ukijumlisha ni vidole vinane. Marivic, mimi ndiye niliyekupima. Hukuwa na vidole vinane vya kupoteza.

Nilimwonyesha Bi Seding. Akasema huenda ulimpa rafiki mwembamba, ukampunguzia, naye akakurudishia. Maneno hayo niliyashikilia siku mbili kama mgonjwa anavyoshikilia dawa. Siku ya tatu nikajiuliza, rafiki gani anapunguziwa mara mbili?

Baba yako mwanzoni alinitania. Akasema mimi nasoma nguo kama wengine wanavyosoma viganja, na kwamba wasichana wa mjini wote wanajikondesha kwa kupenda. Jioni nikamwona amelichukua gauni, amelizungusha kwenye lile kopo kubwa la biskuti tunalowekea mchele. Alama za mshono wa ndani kabisa zikakutana kamili. Alikaa pale na kopo mapajani kama amepakata mtoto. Halafu akasema, "Mwandikie arudi, Consing. Paa limevuja miaka kumi, litavuja na wa kumi na moja."

Hayo ndiyo yaliyonichoma, kwa sababu habari ya mabati niliandika mimi. Niliandika kwamba ndoo za kukingia mvua hazitoshi. Sikujua naandika kwenye sahani yako.

Ulipopiga simu mwezi wa nane kwa Bi Seding nilikuuliza unakula, ukasema "ndiyo, Mama." Unalala, "ndiyo, Mama." Wanakutendea vizuri, "ndiyo, Mama." Tangu lini wewe ukajibu maneno mawili? Ulikuwa ukiulizwa umekula nini unaanza na bei ya samaki. Nilifurahi mno kusikia sauti yako, nikasahau kusikiliza. Ni nani alikuwa amesimama karibu?

Na kuna jambo moja halinitoki kichwani. Gauni hili ulilituma bila kufikiri, kama kitambaa cha kufungia chupa za kahawa? Au ulijua kwamba mama yako lazima atafumua?

Sitaki kukutukania wenye nyumba unaowafanyia kazi, siwajui. Pengine ni ugonjwa unaouficha. Pengine unajinyima mwenyewe ili boksi lijae. Kama ni hilo, nakuomba kwa jina la Bikira wa Antipolo, boksi lisije tena. Baba yako atavaa kandambili za zamani.

Barua hii nampa Nelia, mpwa wa Bi Seding, anayeondoka Jumapili kwenda kufanya kazi hukohuko. Nimemwambia akuwekee mkononi siku yenu ya mapumziko, asiitie posta, kwa kuwa sijui bahasha zako zinafunguliwa na nani. Anakuletea pia samaki wakavu na kitambaa kimoja cha kuepulia. Katikati ya ua lake ni buluu. Utaijua. Kilichobaki cha gauni sikukikata. Kipo kwenye mtoto wa meza ya cherehani.

Sasa nisikilize. Sitaki unijibu kwa maneno, maana maneno yako siku hizi ni mazuri mno. Chukua uzi wa kushonea, jizungushe kiunoni, ukate pale unapokutana, uutie ndani ya bahasha unitumie. Mwenye nyumba akifungua ataona uzi tu. Mimi nitauweka kwenye futi yangu ya kupimia nguo nijue kama nianze kuuliza nauli yako ya kurudi au nirudi kwenye dazeni zangu.

Bibi yako Trining anakusalimu, anauliza kama huko kuna mihogo. Bi Seding anakusalimu sana. Salamu za baba yako ni penseli hii, ameichonga yeye.

Mungu akulinde usimamapo jikoni kwa watu na ulalapo kwa watu. Ukipakua chakula chao, mkono wako usiogope kujipakulia. Ukiona huko kumekubana, njoo. Hapa hata kama kunavuja, chungu kipo.

Ni mimi mama yako nikupendaye, ambaye futi haijamshuka shingoni,

Consing

Usiulegeze uzi ili kunifurahisha. Nitajua.