Bastola ya Corwin Haikuingia Sandukuni

Marlys, acha hiyo sufuria usome. Mkwe wangu Corwin, huyo mume wa binti yangu Carla, ameniaibisha uwanjani mbele ya Missouri nzima!

Unajua leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua timu ya jimbo ya kulenga shabaha kwa bastola. Njia nzima ananihubiria bastola yake: mpini umekwaruzwa usiteleze, kifyatulio kimelainishwa, na chini ya magazini ya risasi kafunga kitako kinene cha shaba, eti uzito unatuliza mkono.

Tukafika kwenye ukaguzi. Loretta, yule mwamuzi, akatoa sanduku la kupimia. Kundi la Corwin sharti bastola ilale humo pamoja na magazini yake, na kifuniko kifunge.

Hakikufunga, Marlys. Ile shaba ilitokeza kama kisigino kwenye soksi iliyotoboka.

"Bonyeza kidogo," Corwin anamwambia Loretta. Bonyeza!

Loretta akamjibu, "Hili ni sanduku la mbao, kaka, si suruali ya kulazimisha baada ya mlo wa Krismasi. Nenda kundi huria."

Kundi huria! Kule kwenye bastola zenye darubini na vifaa vya mdomoni mwa mtutu vya kupunguza mtikisiko. Amekuwa wa mwisho. Wa mwisho, Marlys, nyuma ya mzee aliyepiga akiwa na bandeji mkononi! Timu kaikosa hivyo.

Sasa amenuna hapa kwenye gari. Ati, "Mama, mwambie Carla bastola iliharibika."

Nimemjibu, "Bastola ni nzima, baba. Kilichozidi sanduku ni kichwa chako."