Odowa Niliyompa Nafula

Amezaa, Mama! Nafula wangu amezaa msichana, na wote wawili wako hai!

Sasa ndiyo nikusalimie. Huko uliko hujambo? Sisi tupo, ila nimechoka kama ile baiskeli ya kuvushia mizigo mpakani. Mtoto ni mdogo, lakini sauti anayo. Nesi alisema kilio chake kinafika Tororo, ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia, "Sauti hiyo ni ya ukoo wetu, si ya baba yake."

Unakumbuka utumbo wa Nafula ulivyoanza kupata vidonda akiwa sekondari? Siku ile kanisani akashikwa na tumbo, ukasimama ukawaambia watu, "Mpisheni mwalimu wangu apite!" Na hata mtihani alikuwa hajafanya. Basi ulijua. Leo ni mwalimu kweli, huko Amukura, na Malaba nzima inajua, kwa sababu nimewaambia.

Alipopata mimba akaanza kuchoka. Ulimi ukawa mwekundu, unauma hata kwa uji. Vidole vikafa ganzi. Nami nikafanya ulivyonifundisha, Mama. Nikachagua odowa nzuri kwenye gunia letu, yale mawe laini ya udongo, nikamfungia kwa gazeti. "Tafuna, udongo huongeza damu." Maneno yako hayo, ulimwambia kila mjamzito aliyefika kwa meza yetu sokoni. Akatafuna kila siku. Mimi sokoni najisifu kwamba mjukuu wangu atazaliwa na damu nyingi.

Nafula akaanguka mbele ya wanafunzi, chaki mkononi.

Hospitalini daktari akauliza anakula nini. Nikamjibu mimi kabla ya Nafula: "Odowa, daktari, na zangu ndizo safi Malaba yote." Aliniangalia... Mama, sitasahau. Akaeleza polepole. Utumbo wenye vidonda haunyonyi vitamini vizuri, hata mtu akila. Vitamini ya B12 ilikuwa imeisha, ile ya foliki imeisha, na mtoto tumboni anahitaji zote. Tena Nafula alikuwa ameacha mboga za kunde na mrenda, akiogopa tumbo. "Na hayo mawe, mama, hayaongezi damu. Yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini."

Nilitaka ardhi inimeze. Nafula, hata kuinuka kitandani hawezi, akasema, "Daktari, usimgombeze mama. Yeye ndiye amenileta hapa."

Wakamdunga sindano za B12. Wakampa foliki yenye nguvu kuliko ya wajawazito wengine, wakamkataza kuacha dawa za utumbo. Mimi nikawa wa kusaga ini, kuponda kunde mpaka zinalainika kama uji, kupanda boda kwenda na kurudi. Wiki nyingi, Mama. Kila nikifika mlangoni nilitazama kwanza kama blanketi linapanda na kushuka.

Nilikukasirikia. Acha nikuambie ukweli. Kisha nikakumbuka nawe ulipewa maneno hayo na mama yako, naye kwa wake. Mkono ulionipa ulinipenda. Na wangu pia ulimpenda Nafula, lakini nusura umzike.

Gunia la mwisho nimelimwaga mbele ya nyumba, pale penye matope. Sasa tunapita bila kuteleza. Mjamzito akija kuuliza odowa, namwambia aende kliniki apimwe damu kwanza. Wananicheka, "Mama Nafula, umeokoka?" Nawauzia mayai.

Mtoto tumempa jina lako, Nabwire. Nakuahidi, atarithi sauti yako, atarithi mdomo wako, lakini udongo hatarithi. Pumzika huko kaburini, Mama. Nami nikipata nafasi nitapumzika.

Ndugu zetu wa Port Victoria wanakuja na samaki, wa Namboboto na kuku, na daktari yule nimemwalika, aone mtoto wetu alivyo mrembo. Wote watapita juu ya mawe yako hadi mlangoni. Sherehe ya mtoto ni Jumamosi hii.