Kuvuka Lualaba bila kukimbia

Nyangwe, Alhamisi. Asubuhi ukungu, sasa jua la kuumiza macho.

Usinikasirikie, daftari langu. Tangu mvua za kwanza sijakufungua. Maneno yalikuwepo, mikono ndiyo ilichoka, na mwanangu mchanga Ramazani akiona kalamu anataka kuinyonya. Sasa amelala mgongoni kwangu, naandika nimesimama.

Jana nilivuka mto Lualaba.

Zaina, mtoto wangu wa kwanza, yuko ng'ambo, kwenye lazareti, pale serikali inapowaweka wagonjwa wa malale, ugonjwa ule wa kulala hata mchana. Mtumbwi wa kuvusha watu upo, lakini lazima mtu awe na karatasi ya muganga, na mama anayenyonyesha hapewi. Baba yake yuko mbali kwenye machimbo ya bati, hajui hata kwamba mtoto amechukuliwa. Basi nimebaki mimi na maji.

Mimi si mtu wa mto. Nimezaliwa upande wa Kabambare, kwenye vijito vya kufika magotini. Aliyenifundisha kuogelea ni mama mkwe wangu, Bi Tausi, mzaliwa wa hapa hapa. Hakunitia majini kwanza. Alinitwangisha. Tulisimama kwenye kinu kimoja, mchi wake na wangu kwa zamu: toa pumzi mchi ukishuka, vuta ukipanda. Halafu akanipandisha ukingo na mtungi kichwani, nikikanyaga mchanga laini mpaka mapaja yakawaka moto. Hata shamba la pamba tunayolimishwa na serikali, hao Bula Matari, alitaka linifae. Nibadilishe mkono wa jembe, kulia na kushoto, maana mto humzungusha mtu mwenye mkono mmoja tu wa nguvu.

Ndipo tukaingia kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mawe. Nikaanza kuyapiga. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Mama Zaina, weye unalima maji kama pamba ya Bula Matari! Nani iko nakukimbiza?"

"Nataka kufika, mama."

"Utafika umekufa. Twanga. Twanga tu."

Basi jana nilimnyonyesha Ramazani mpaka akashiba, nikajipaka mawese, nikafunga kifua kwa kitambaa, nikaingia mtoni juu kabisa ya kijiji ili mkondo unishushe huku navuka. Bi Tausi alibaki ukingoni na mtoto. Mwanzo nilitwanga vizuri. Pumzi ilikuja na kwenda kama tuko wawili kwenye kinu.

Katikati ya mto nikaona moshi wa lazareti.

Nikakimbia.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba Zaina siku hizi huwa macho kidogo tu, jua likiwa bado changa. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mikono ikaanza kulima, pumzi ikakatika, maji yakaingia puani, mkondo ukanichukua unavyotaka. Nilitokea mbali sana upande wa chini, kwenye matete, nikalala pale kama kambare aliyetupwa, nikitapika maji. Kisha nikaupanda ukingo wote kwa miguu, na jua likapanda pamoja nami.

Mlinzi wa lazareti, mzee mwenye kofia nyekundu, alinitazama ninavyochuruzika.

"We mama, mutumbwi yako iko wapi?"

"Ndio huu," nikajipiga kifua.

"Eh! Kumbe leo tumepata mama samaki." Akageuza uso upande mwingine, akaniacha nifike kwenye ua wa miti.

Zaina alikuwa ameketi, ameegemea ua huo. Alifungua macho.

"Mama, umelowa."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno ya miezi mizima. Pumzi haikuwepo, nikahema tu kama mbwa wa kuwinda. Sauti iliporudi, kichwa chake kilikuwa kimeshaanguka kifuani.

Nilipitisha mkono kati ya miti, nikamshika mguu. Nikakaa hivyo mpaka mlinzi akakohoa.

Kurudi nilitwanga polepole, maana hapakuwa tena na kitu cha kukimbilia. Nilitokea pale pale nilipolenga.

Bi Tausi alinifunika nguo kavu. Alinipa mtoto. Maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Ramazani alinyonya, nami nikalia juu ya kichwa chake, na yeye hakuacha kunyonya.

Nitarudi wiki ijayo. Nitajizuia, hata moshi ule ukiniita kwa jina langu. Pumzi ya mwisho ni ya Zaina. Sina haki ya kuimaliza mtoni.

Kesho jirani yetu anakwenda Kasongo kwa baiskeli, nitampa maneno amfikishie dada yangu. Chumvi na sabuni alizonitumia zilifika, Mungu ambariki. Bado nahitaji mawese ya kupaka, chupa moja. Kibuyu kikavu chenye mdomo mpana na kizibo cha kukaza, nivushe chakula kisilowe. Kitambaa kigumu cha kifuani, hiki kimechanika. Na uzi mmoja wa shanga za kiunoni za Zaina, nyekundu. Asipime kwa umri wake. Apime kwa mtoto anayeanza kutembea, maana zile za zamani zinamvuka.