Jiwe la Tatu la Jiko la Claudine

Kalemie, tarehe 9 Juni

Yaya Hénoc, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Uvira, na kwamba ile mashine ya meli imeacha kukusumbua. Sisi huku tu wazima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea: Papa ni mzima kweli. Jana alikula ugali na samaki wa ndagala, akaomba aongezwe, kisha akanigombeza kwamba chumvi ni kidogo. Nilifurahi kugombezwa mpaka nikalia.

Telefoni yako haipatikani tangu Jumatatu, kwa hiyo nampa Dieumerci barua hii. Anapanda boti ya huko Uvira kesho asubuhi. Isome yote kabla hujafanya lolote. Ulituambia kwamba ukirudi utakwenda moja kwa moja Niemba, kwa wazazi wa mke wako Claudine, kumaliza ndoa, kwa sababu huwezi kukaa nyumba moja na mtu aliyemtilia baba yako sumu. Yaya, usimalize kitu. Claudine hakumtilia mtu sumu.

Unakumbuka tulivyokueleza: jiko lake lilianza kunuka kitunguu saumu, na saumu hatukuwa nayo nyumbani. Papa, ambaye tangu magoti yaanze kumuuma hupenda kukaa jikoni karibu na moto, akaanza kutapika na kuharisha hadi tukampeleka hospitali. Shangazi Marthe akasema ni dawa, imetiwa kwenye sufuria. Familia ikakaa kikao, Claudine akaulizwa, akakana, akalia, na kesho yake akapakia nguo zake kwenye pikipiki akaenda kwao. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikohoa wiki nzima, nani alimtazama?

Basi nikashika jiko mimi. Siku ya tatu, harufu ni ileile! Nilisugua sufuria kwa mchanga na majivu, nikabadilisha mafuta, bado. Papa akatoka hospitali, akarudi mahali pake karibu na moto, na baada ya siku mbili akatapika tena. Safari hii mpishi alikuwa mimi, na Shangazi Marthe akanyamaza kabisa, jambo ambalo unajua si la kila siku.

Jumamosi Papa Elie, yule jirani anayepima mawe kwenye biro, ile ofisi ya madini, alikuja kumwona mgonjwa. Hakufika hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni mwa jiko akinusa, kisha akaniamuru nizime moto na nimtoe Papa nje haraka. Mafiga yalipopoa aliyanyanyua moja moja. Mawili akayarudisha chini. La tatu lilikuwa dogo kuliko wenzake lakini zito kuwashinda, na alipokwangua masizi tukaona linang'aa, jeupe kama fedha, na wekundu kidogo ndani yake. Upande uliokaa kwenye udongo ulikuwa na unga wa rangi ya waridi. Akaligonga kwa nyundo mara moja: cheche, na harufu ya saumu.

Alituambia linaitwa kobaltiti. Ndani yake mna kobalti, salfa na arseniki, na ni adimu. Miaka yote ya kazi yake alikuwa ameliona mara mbili tu. Ukilichoma, ile arseniki inatoka na moshi, inanuka kama saumu, na hiyo ndiyo sumu yenyewe. Kumbe Papa alikuwa anaivuta kila siku akiota moto! Papa Elie alilifunga ndani ya mifuko mitatu akaenda nalo, kisha akapita hospitali kuwaeleza madaktari, wakabadilisha dawa za Papa. Wanasema atapona kabisa, na kwamba Claudine naye lazima apimwe.

Sasa nifike mahali ambapo nimepazunguka tangu mwanzo wa barua. Papa Elie aliuliza jiwe lile lilitoka wapi. Wote walijibu kwamba Claudine aliliokota relini, maana ndivyo alivyowaambia. Si kweli, Yaya. Nililileta mimi, kutoka Manono.

Mwezi wa tatu, nilipoaga kwamba nakwenda na kwaya kwenye semina ya kanisa, nilikwenda kumwona Serge, mpenzi wangu, ambaye Papa alikataza asikanyage kwetu. Jiwe nililiokota huko, kwenye magofu ya stoo ya zamani ya sampuli za madini. Claudine alikuwa analalamika kwamba figa lake moja limepasuka, nikaona nimpelekee zawadi. Nikamwomba aseme ni la relini, ili Papa asijue nilikokuwa. Siku ya kikao aliulizwa kama kuna mtu yeyote aliyemletea kitu jikoni. Alinitazama. Nikaangalia chini. Akajibu kwamba hakuna mtu. Sikujua kuwa jiwe ndilo lenye makosa, naapa, lakini nilijua kwamba ananificha, na nilimwacha aondoke peke yake.

Nimemwambia Papa yote. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu juu ya Claudine: « Mutoto wa watu njo alibeba makosa yetu yote. » Juu ya Serge hajasema kitu, nami siulizi. Shangazi Marthe amekwisha kununua kitenge cha kupeleka Niemba. Tutakwenda wote pamoja nawe, nami nitapiga magoti mbele ya mama yake Claudine, hata akinimwagia maji.

Kwa sasa tunapika nje, kwa mbabula ya makaa. Mafiga mawili ya zamani yako palepale jikoni, na Papa amekataza mtu yeyote asiweke la tatu. Anasema utalichagua wewe, mchana, mbele ya watu, na Claudine ndiye atakayeliweka kwa mkono wake. Mpaka siku hiyo, moto hauwashwi mle ndani.

Papa, Shangazi na majirani wote wanakusalimu. Meli iache kwa wengine, wewe njoo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Arlette